Difyuza za mraba, za mstari au za ukutani: ulinganisho kwa ofisi na kumbi za Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na hasa baada ya mji huu kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, majengo ya ofisi, benki, hoteli na kumbi za mikutano yamekuwa yakiinuka kuanzia katikati ya mji hadi Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, na mengi yao yanafungwa viyoyozi. Mazungumzo kati ya mwenye jengo na mkandarasi huwa juu ya ukubwa wa mashine, aina ya gesi na gharama ya umeme. Mahali ambapo hewa yenyewe itatokea chumbani huachwa hadi mwisho, na mara nyingi anayeamua ni fundi wa dari, ambaye kwa haki yake anatafuta mpangilio utakaopendeza machoni pamoja na taa. Katika kazi yangu ya kupima na kusawazisha hewa kwenye majengo ya hapa, sehemu kubwa ya malalamiko niliyoitiwa ilihusu jengo lenye mashine ya kutosha kabisa, lakini difyuza zake zimewekwa pasipostahili.

Difyuza ni kifaa kinachofungwa mwisho wa dakti, yaani mfereji unaosafirisha hewa kutoka kwenye mashine, pale hewa inapoingia chumbani. Kazi yake ni kuichanganya hewa baridi, ambayo kwa kawaida hutoka ikiwa na nyuzi joto 13 au 14, na hewa ya chumba kabla haijagusa shingo ya mtu. Wahandisi huhesabu kuwa eneo la watu ni lile linaloanzia sakafuni hadi kimo cha mita 1.8, likiacha mita moja kutoka kwenye ukuta wa nje au dirisha na sentimita 30 kutoka kwenye kuta za ndani. Humo hewa inatakiwa iingie ikiwa imetulia, kwa kasi isiyozidi takriban mita 0.25 kwa sekunde. Umbali ambao hewa husafiri kabla kasi yake haijashuka hadi kiwango fulani ndio unaoitwa mrusho, na kila mtengenezaji makini huchapisha jedwali la mirusho ya difyuza zake kwa kasi za mwisho za mita 0.75, 0.5 na 0.25 kwa sekunde. Anayelinganisha difyuza mbili bila jedwali hilo mkononi analinganisha sura tu.

Jambo jingine la kuelewa kabla ya kuchagua ni kwamba hewa inayotoka sambamba na dari huishikilia dari na kutambaa nayo, tabia iliyopewa jina la Henri Coandă, mhandisi wa Romania. Tabia hiyo ndiyo inayoiwezesha hewa baridi, ambayo ni nzito, kufika mbali bila kuanguka vichwani. Palipo na dari laini inafanya kazi vizuri. Palipoachwa zege na mabomba wazi, kama ofisi nyingi za kisasa zinavyopenda, mrusho hupungua hadi kama asilimia 70 ya ule ulioandikwa kwenye jedwali. Boriti inayochomoza, au taa iliyoning'inizwa chini ya dari karibu na difyuza, huleta matokeo hayohayo, kwa sababu hewa hujikwaa hapo na kushuka.

Hesabu za pwani haziletwi Dodoma kama zilivyo

Majedwali mengi yameandaliwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye kimo cha mita 1,100 na ushei, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 au 13 kuliko ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, kwa hiyo inahitajika nyingi zaidi ili kufanya kazi ileile. Tuchukue ofisi ya mita 10 kwa 8 yenye watu 12, ambayo joto la kuondolewa, bila kuhesabu unyevu, ni kilowati 8.8. Hewa ikiingia na nyuzi joto 14 na chumba kikitakiwa kubaki kwenye nyuzi joto 24, pwani zingetosha lita 730 hivi kwa sekunde, ilhali hapa zinatakiwa karibu lita 840. Zikigawanywa kwa difyuza sita zenye shingo (mdomo wa duara unaoungana na dakti) ya milimita 250, kila moja hupitisha lita 140 kwa sekunde na kasi shingoni inakuwa chini kidogo ya mita 3 kwa sekunde, jambo linalokubalika ofisini. Zikigawanywa kwa difyuza nne ili kuokoa fedha, kasi inapanda hadi mita 4.3, na hapo chumba kinaanza kuvuma kiasi cha kuwasumbua wanaozungumza kwenye simu. Mchoro wa jengo la Dar es Salaam ukipandishwa hadi huku bila idadi ya difyuza kuguswa, kosa hili hutokea bila mtu yeyote kukusudia.

Halafu kuna jua. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini, wakati ambapo mvua bado haijaanza na mchana hufikia nyuzi joto 31 au zaidi. Paa na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi. Kioo kinachotazama magharibi huwa cha moto kuanzia saa nane mchana hadi jioni, na moto huo una athari kubwa juu ya mwenendo wa hewa kuliko wengi wanavyodhani. Nitalirudia jambo hili hapa chini.

Tatu ni vumbi. Kila mkazi anajua upepo wa Agosti na Septemba. Ukitazama dari ya ofisi iliyotumika mwaka mmoja karibu na barabara ya vumbi, utaona miale ya kijivu inayotawanyika kutoka kila upande wa difyuza, mirefu kama kiganja, yenye giza zaidi karibu na ukingo. Wengi hudhani ni uchafu uliotoka kwenye dakti. Mara nyingi ni vumbi la chumba chenyewe, linalovutwa juu na hewa iendayo kasi na kubandikwa kwenye dari. Kubadilisha chujio hakuondoi miale hiyo. Inayosaidia ni milango inayojifunga na difyuza ambayo kiini chake kinachomolewa kwa mkono na kuoshwa bila kuharibu jipsamu.

Difyuza ya mraba na difyuza ya mstari

Hapa ndipo uchaguzi mkubwa ulipo kwa ofisi za kawaida. Difyuza ya mraba ya milimita 600 kwa 600, inayopuliza pande nne, inaingia moja kwa moja kwenye vipande vya dari vya kipimo hichohicho, inapatikana madukani, na fundi yeyote aliyewahi kufunga dari anaijua. Inafaa sana kwa chumba kinachokaribia mraba, chenye dari ya mita 2.7 hadi 3.5, na ambacho joto lake limetawanyika sawasawa: ofisi za ndani zisizo na dirisha kubwa, madarasa, vyumba vya mafunzo. Kanuni ya kuipanga ni kwamba mrusho wake wa mita 0.25 kwa sekunde ukaribiane na umbali wa kutoka kwenye difyuza hadi ukutani, au hadi katikati ya difyuza hiyo na jirani yake. Mrusho ukiwa mfupi mno, pembe za chumba hubaki na joto. Ukiwa mrefu mno, mikondo miwili hugongana katikati na kuteremka pamoja juu ya yeyote aliyekaa hapo.

Difyuza ya mstari ni mwanya mwembamba mrefu, wenye tundu moja, mawili au zaidi, unaofuata ukuta au dirisha. Ni ghali zaidi, inahitaji sanduku la hewa nyuma yake kwa urefu wote, na fundi wa dari lazima aandae nafasi yake mapema kwa sababu jipsamu iliyokwisha kupigwa rangi haikatwi kirahisi. Kwa uzito wa gharama hizo, watu wengi huikataa mezani. Mimi husita kuikataa panapokuwa na kioo cha magharibi, na sababu ni hii ifuatayo.

Niliwahi kuitwa katika ofisi ya ghorofa ya tatu yenye ukuta mzima wa kioo upande wa machweo. Difyuza zilikuwa za mraba, zimepangwa katikati ya chumba kwa mstari ulionyooka sana. Mstari wa pili wa meza kutoka dirishani, mama mmoja alikuwa amejitanda khanga mabegani saa tisa alasiri, na juu yake kipande cha boksi la karatasi za A4 kilikuwa kimebandikwa kwa selotepu kuziba upande mmoja wa difyuza. Mwenzake aliyekaa dirishani, mita mbili tu kutoka hapo, alikuwa amewasha feni ya mezani. Mwenye ofisi alikuwa anaulizia bei ya mashine kubwa zaidi. Tulichoma kijiti cha udi karibu na kioo tukaona moshi ukipanda kwa kasi hadi darini, kisha ukigeuka kuelekea ndani ya chumba. Kioo cha moto kilikuwa kinaipandisha hewa na kuituma darini, nayo ilikuwa inakutana uso kwa uso na hewa baridi iliyotoka kwenye difyuza ikielekea dirishani. Hewa baridi ilirudishwa nyuma na kuanguka kabla ya kufika, palepale alipokaa yule mama. Mashine kubwa ingeongeza tu ubaridi unaomwangukia.

Difyuza ya mstari ikifungwa darini sambamba na kioo, umbali mdogo kutoka ukingo wake, na matundu yake yakielekezwa ndani, hewa baridi husafiri upande uleule ambao hewa ya moto inaelekea. Inaungana nayo, inaichanganya, na kwenda mbali ikiwa imetulia. Mwanya wenye matundu mawili unaweza kugawanywa, tundu moja lielekee ndani na jingine lipulize taratibu kwenye kioo pale joto linapokuwa kali sana, ila hilo la pili lisipewe hewa nyingi, kwa sababu litashuka na kioo na kuzifikia nyayo za aliyekaa karibu. Katika ofisi ile hatukubomoa dari yote. Difyuza za mraba zilibaki kwa upande wa ndani, zikapunguziwa hewa, na mstari mmoja ukawekwa dirishani. Huo ndio mchanganyiko ninaoupendekeza kwa ofisi nyingi za wazi: mstari pembezoni, mraba katikati, kila kundi na themostati yake, kwa maana saa tatu asubuhi upande wa magharibi hauhitaji ubaridi unaohitajika saa kumi jioni.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani siku ya makabidhiano. Mifumo inayopunguza kiasi cha hewa pale chumba kinapopoa huifanya difyuza ya mraba ipulize kwa unyonge. Hewa inashindwa kuishikilia dari, inamwagika chini moja kwa moja. Mwezi Juni na Julai, asubuhi za Dodoma zikiwa na nyuzi joto 14 hivi, hali hiyo hutokea mara kwa mara. Mwanya mwembamba wa mstari hudumu kushikilia dari hata hewa ikipungua sana, kwa hiyo panapofungwa mfumo wa aina hiyo, uzito wa mizani unaelekea kwenye mstari, hata kama hakuna kioo cha magharibi.

Grili za ukutani

Kwa vyumba vya hoteli na ofisi ndogo zenye kina cha mita nne hadi sita, grili ya ukutani, yaani fremu yenye vibao vya kuelekeza hewa, ikiwekwa juu ya mlango inafaa na ni nafuu, kwa kuwa dakti inabaki kwenye korido na dari ya chumba haiguswi. Masharti yake ni machache lakini hayana mjadala. Grili isiwe zaidi ya sentimita 30 chini ya dari, vibao vyake vya mbele vielekezwe juu kidogo ili hewa iishike dari, na kusiwe na boriti inayokatisha njia. Katika majengo ya zamani ya katikati ya mji boriti hizo ni nyingi, na hapo ni afadhali kutafuta njia nyingine. Kitanda au meza isiwekwe chini ya ukuta wa mbele ambako hewa hushukia.

Difyuza za kuzungusha hewa, zile za duara zenye vibao vilivyopangwa kama feni, huichanganya hewa haraka kuliko zote zilizotajwa, na kwa maeneo yenye watu wengi chini ya dari ya mita tatu hadi nne, kama ukumbi wa kuhudumia wateja benki, ndizo ningechagua iwapo bajeti inaruhusu.

Kumbi

Dodoma ni mji wa mikutano, na ukumbi ni somo lake peke yake. Dari ikiwa mita sita au zaidi, difyuza ya mraba haina kazi tena: hewa yake huishia juu, ikapoza sehemu ambayo hakuna mtu. Uchaguzi halisi unabaki kati ya pua za kurushia hewa kutoka kuta za pembeni na matundu ya hewa tulivu chini ya viti.

Pua ni mabomba mafupi yaliyonyooka, yanayorusha hewa mita 10 hadi 30 kwa nguvu. Zinafaa kwa ukumbi wenye sakafu bapa ambao leo una viti vya semina na kesho meza za harusi, kwa sababu hazitegemei mpangilio wa viti. Ugumu wake ni kwamba hewa baridi hupinda chini inaposafiri, na inapinda zaidi kadiri tofauti ya joto inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo zinaelekezwa juu kidogo na pembe yake huhesabiwa kwa joto halisi la hewa inayotoka. Kwa kuwa kasi yake ni kubwa, kelele ni lazima ipigiwe hesabu tangu mwanzo: hewa ikiongezwa kasi mara mbili kupitia pua ileile, sauti hupanda kwa desibeli 15 au zaidi, na spika za ukumbi haziwezi kuficha mvumo huo wakati wa dakika ya ukimya.

Matundu ya chini ya viti hutoa hewa ya nyuzi joto 18 hadi 20, polepole, ambayo hutanda sakafuni kama maji na kupanda pale inapokutana na mwili wa mtu. Hewa chafu na joto huinuliwa juu na kutolewa darini. Ubora wa hewa anayovuta mtu ni mzuri zaidi, kelele ni ndogo, na kwa Dodoma kuna faida ambayo Dar es Salaam haina: katika miezi ya kipupwe, saa nyingi za asubuhi na usiku hewa ya nje yenyewe iko chini ya nyuzi joto 18 na ni kavu, hivyo feni na chujio nzuri zinaweza kuubeba ukumbi bila kugusa kompresa. Bei yake ni sakafu ya ngazi yenye nafasi tupu chini, viti visivyohamishwa, na usafi wa uangalifu. Utaratibu wa kumwaga maji na kusukuma kwa brashi, tuliouzoea sote, hauwezekani juu ya sakafu yenye matundu. Mwenye ukumbi asiyeweza kusimamia jambo hilo ni heri achague pua.

Nisiache kutaja kaseti, kwa kuwa ndizo zilizojaa ofisi zetu. Kaseti ni mashine na difyuza ya mraba kwa pamoja, na kanuni za mahali pake ni zilezile, isipokuwa nyingi kati yake zinazungusha hewa ileile ya ndani. Ofisi yetu ya watu 12 na mita za mraba 80, kwa kipimo kinachotumiwa na wengi cha lita 2.5 kwa kila mtu na lita 0.3 kwa kila mita ya mraba, inahitaji lita 54 za hewa safi kwa sekunde, na hewa hiyo lazima iletwe kwa njia yake.

Grili ya kurudishia hewa, dakti laini na kijiti cha udi

Mahali pa grili ya kurudishia hewa huwa na athari ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu uvutaji hupotea nguvu umbali mfupi tu kutoka kwenye grili. Kosa moja ndilo la kuepukwa: kuiweka kwenye njia ya hewa itokayo, hata hewa baridi ikarudi mashineni bila kupita kwa watu. Kuna jengo ambalo difyuza na grili zilikuwa zimepishana kwa sentimita 40, zote mpya na zinang'aa, na themostati iliyofungwa ndani ya grili ilikuwa inaiambia mashine kwamba chumba kimepoa.

Dakti laini, yaani ile inayopindika, inayounganisha difyuza ndiyo inayoharibu kazi nzuri kimyakimya. Ikikunjwa kwa kona kali juu ya shingo, hewa hutokea upande mmoja tu na kelele inaweza kuongezeka kwa desibeli 12 au zaidi juu ya ile ya jedwali. Dampa ya kusawazisha, yaani kilango cha kupunguza au kuongeza hewa, nayo iwekwe mita moja au mbili nyuma ya difyuza, wala si shingoni.

Kabla ya kupokea kazi, mwenye jengo aombe vipimo vya hewa ya kila difyuza vilivyoandikwa na kulinganishwa na mchoro. Kisha aje siku ya jua kali, saa tisa alasiri, mashine zikiwa zimewashwa tangu asubuhi na mapazia yakiwa wazi, akae kwenye kiti cha kila mfanyakazi kwa dakika chache na kuwasha kijiti cha udi kwanza usawa wa kifundo cha mguu, halafu usawa wa shingo. Moshi ukipanda ukiyumba taratibu, mahali hapo pako sawa. Ukilala na kukimbilia upande mmoja, difyuza iliyo juu yake irekebishwe fundi akiwa bado yupo na ngazi yake.